Anzia Ulipo: Ushauri kwa Mwalimu wa Kilombero Anayetaka Usomi wa KKK na Vitabu vya Watoto

Muhula wa kwanza wa shule za msingi huanza Januari. Ni wakati huohuo mpunga wa Bonde la Kilombero unapotaka mikono yote. Wengine wanamalizia kulima, wengine wanapanda, na familia nyingi zinafunga nyumba zao kuhamia shamba, ng'ambo ya mto au ndani kabisa ya mbuga, zikaishi kwenye madungu, yaani vibanda vya shambani, hadi mavuno ya Juni na Julai. Mtoto wa Darasa la Kwanza, ambaye ndiyo kwanza anaonyeshwa herufi, huhama nao, au hubaki kijijini na bibi au dada yake mkubwa. Mpunga ukianza kubeba, ndege wanashuka kwa makundi, na kazi ya kuamia ndege mara nyingi huangukia watoto. Kwa hiyo miezi ambayo mtoto anatakiwa kuweka msingi wa kusoma ndiyo miezi ambayo shamba linamhitaji zaidi.

Naanza na kalenda hii kwa sababu walimu vijana wa Ifakara, Mang'ula, Mlimba na Malinyi huniuliza swali moja kwa namna nyingi: mtu anaingiaje kwenye taaluma ya kufundisha usomaji na fasihi ya watoto, hadi akawa mhadhiri, mtafiti au mwandishi? Wengi hudhani jibu liko Dar es Salaam, kwenye fomu ya maombi. Fomu ina nafasi yake na nitaifikia. Lakini msingi wa taaluma hii ni mtu aliyekubali kukaa karibu na watoto wa mahali pamoja kwa muda mrefu, akawafundisha, akawapima na akawaandikia. Wewe uliyepangiwa shule ya bondeni tayari unacho kile ambacho wengine hukitafuta kwa ruzuku. Ushauri wangu wote unatoka hapo.

Ijue kazi kabla ya kuitafuta

Vyuoni, kazi hii imegawanyika katika nyumba mbili. Nyumba ya kwanza ni elimu: shule kuu na vitivo vya elimu, ambako watu wanauliza mtoto anajifunzaje kusoma, mwalimu afundisheje, upimaji ufanyikeje. Nyumba ya pili ni fasihi: idara za Kiswahili na taasisi kama TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoundwa mwaka 2009 kwa kuunganisha iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) na Idara ya Kiswahili. Huko wanauliza hadithi ya watoto ni nini, inabeba maadili gani, lugha yake ikoje, picha zinasema nini. Nyumba hizi ni jirani, lakini hazitembeleani vya kutosha. Matokeo yake tuna wataalamu wa silabi wasiojua hadithi gani itamfanya mtoto arudi kitabuni kesho, na tuna wahakiki wa hadithi ambao hawajawahi kukaa na mtoto anayehangaika na neno moja dakika nzima.

Chagua nyumba moja iwe makao yako rasmi, kwa kuwa shahada, ajira na kupanda cheo vinataka hivyo. Kisha jilazimishe kuitembelea nyingine maisha yako yote. Ukisomea elimu, tafuta kozi ya fasihi ya watoto hata kama si ya lazima. Ukisomea fasihi, omba kukaa nyuma ya darasa la mwalimu hodari wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) kwa muhula mzima, kimya, daftari mkononi. Mtoto wa Kiberege hatenganishi kujua kusoma na kuwa na kitu cha kusoma, na wewe usivitenganishe.

Ujue pia ukubwa wa tatizo unaloingia kulikabili. Upimaji wa kitaifa wa stadi za kusoma wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba chini ya mtoto mmoja kati ya kumi wa Darasa la Pili aliweza kusoma kwa ufahamu wa kiwango kilichotarajiwa. Mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili uliojikita kwenye Kusoma, Kuandika na Kuhesabu ulianza kutumika mwaka 2015. Mkoa wetu wa Morogoro ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyofikiwa na mradi wa Tusome Pamoja kuanzia 2016. Walimu walipata mafunzo, vitabu vikaja, na kazi njema ikafanyika. Lakini mradi huja na tarehe ya kuisha. Anayebaki ni mwalimu, na baada ya mwalimu ni msomi aliyeamua kwamba swali hili ni lake hata fedha zikiisha.

Jifunze kwa majirani zako wa Ifakara

Huna haja ya kusafiri mbali kuona utafiti wa muda mrefu unavyofanyika. Mwaka 1957 Waswisi wa Taasisi ya Tropiki ya Basel, wakiongozwa na Profesa Rudolf Geigy, walifungua maabara ndogo Ifakara. Maabara hiyo ndiyo leo Taasisi ya Afya Ifakara, chombo cha Kitanzania kinachojulikana duniani kote kwa utafiti wa malaria. Mwaka 1996 watafiti wake walianza kuzifuatilia kaya za bonde hili mara kwa mara, wakiandika waliozaliwa, waliofariki, waliohama na waliohamia. Mwaka 1997 wakaanza mradi wa KINET wa vyandarua vyenye dawa, na jina walilovipa sokoni lilikuwa Zuia Mbu: maneno mawili ambayo kila mama alielewa bila kufafanuliwa. Mwaka 2001 walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba vyandarua hivyo vilihusiana na ongezeko la asilimia 27 la uhai wa watoto wa umri kati ya mwezi mmoja na miaka minne. Matokeo hayo yalisaidia kujenga hoja ya vyandarua nchini na nje ya nchi.

Yako mambo matatu ya kuchukua hapo. Walikaa. Walihesabu kwa uangalifu, mwaka baada ya mwaka. Na walizungumza na wazazi kwa maneno ya wazazi. Sisi wa usomaji bado hatujafanya hivyo vya kutosha. Utafiti wetu mwingi ni wa kuja, kugawa hojaji, kupiga picha na kuondoka. Ukitaka jina lako lisimame kwenye taaluma hii, fanya kwa kitabu kile walichofanya wao kwa chandarua.

Kwa vitendo, anza hivi. Chagua shule mbili au tatu unazoweza kufika bila gharama kubwa: moja ya mjini Ifakara, moja ya kijiji kilicho kando ya reli ya TAZARA, moja ya kijiji ambacho familia zake huhamia shamba. Wachukue watoto wa Darasa la Kwanza, uwafuate walewale hadi Darasa la Tatu. Kila baada ya miezi michache, kaa na mtoto mmoja mmoja, asome kifungu kifupi kwa sauti, kisha muulize maswali machache ya ufahamu. Andika mahudhurio kwa wiki, si kwa muhula, uyalinganishe na kalenda ya shamba. Andika kama nyumbani kuna kitu chochote cha kusoma: kitabu cha dini, gazeti kuukuu, daftari la dada. Ukifanya hivyo kwa miaka mitatu utakuwa na jambo la kusema ambalo halimo kwenye taarifa yoyote ya wizara.

Watafiti wa malaria waligundua mapema kwamba huwezi kuielewa afya ya bonde hili bila kuelewa maisha ya shamba. Waliuliza: familia ikiwa kwenye dungu, inalala wapi, chandarua kinaifuata, zahanati iko umbali gani? Mtafiti wa usomaji aulize maswali ya jamii hiyohiyo. Kitabu kinaifuata familia shambani? Nani pale anaweza kumsikiliza mtoto akisoma jioni? Mtoto akirudi darasani baada ya wiki sita, mwalimu anamwanzishia wapi? Hayo ni maswali ya tasnifu nzima ya uzamivu, na yako umbali wa pikipiki.

Jua mtoto anavyosoma Kiswahili

Vitabu vingi vya nadharia ya usomaji vimeandikwa juu ya watoto wanaosoma Kiingereza. Visome, lakini usivimeze. Kiingereza kina tahajia ngumu, neno moja huandikwa hivi na kutamkwa vile. Kiswahili kina irabu tano, silabi zake nyingi huishia kwenye irabu, na neno husomeka kama lilivyoandikwa. Mtoto akizishika silabi, anaweza kutamka karibu kila neno la lugha. Hiyo ni neema kubwa, lakini ndani yake kuna mtego: mtoto anaweza kusoma ukurasa mzima kwa sauti nzuri, mwalimu akaridhika, na mtoto asiwe ameelewa hata sentensi moja.

Ugumu wa Kiswahili uko kwingine. Neno letu ni refu. "Hawakutusaidia" ni neno moja lenye silabi nane, na ndani yake mna ukanushi, mtendaji, wakati, mtendwa na tendo. Ndiyo maana kuhesabu maneno kwa dakika na kumlinganisha mtoto wetu na mtoto wa London ni kumwonea. Ziko pia konsonanti zinazoandikwa kwa herufi zaidi ya moja, ch, sh, th, dh, gh, ny, na ng' yenye ving'ong'o inayochanganywa na ng. Mtafiti atakayechunguza mtoto anakwama wapi hasa, kwenye silabi gani na kwenye muundo gani wa neno, atawasaidia walimu kuliko mtu wa takwimu za jumla.

Halafu iko lugha ya nyumbani. Darasa moja la Kilombero linaweza kuwa na watoto wanaosikia Kindamba, Kimbunga, Kipogoro, Kibena, Kihehe au Kingoni kwa babu zao, na wengine Kisukuma kwa familia za wafugaji na wakulima waliohamia. Mjini Ifakara watoto wengi wanaanza shule wakiwa na Kiswahili tayari, lakini vitongojini mambo si sawa kila mahali. Usikadirie, sikiliza. Muulize mtoto akusimulie jambo, usikie ana msamiati gani wa Kiswahili kabla hujampima kusoma. Atlasi ya Lugha za Tanzania, iliyotolewa mwaka 2009 na mradi wa lugha wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, itakupa picha ya eneo. Masikio yako yatakupa picha ya darasa.

Visome vitabu vya watoto wenyewe

Mtu anayetaka usomi wa fasihi ya watoto na hajasoma vitabu vingi vya watoto anajidanganya. Visome vyote unavyoweza kuvipata, vya zamani na vipya, vizuri na vibaya, uandike juu ya kila kimoja nusu ukurasa: umri wa msomaji, idadi ya maneno kwa ukurasa, picha zinasaidia au zinapamba tu, nani anatenda na nani anatendewa, kijiji kilichomo ni cha wapi. Ukishaandika juu ya vitabu mia utakuwa na maarifa ambayo hakuna kozi itakupa.

Ijue na historia. Hadithi za Kiswahili zilianza kuchapwa vitabuni na wageni waliozikusanya, kama Edward Steere aliyetoa mkusanyiko wake wa Zanzibar mwaka 1870. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na Idara ya Elimu ya Tanganyika mwaka 1923, lililea wasomaji na waandishi kwa vizazi. Baada ya uhuru, kampeni ya kisomo ya miaka ya 1970 ilifundisha mamilioni ya watu wazima. Paulo Freire mwenyewe, mwanafalsafa wa elimu kutoka Brazili, alifika Dar es Salaam mwanzoni mwa muongo huo kuzungumza na wataalamu wetu wa elimu ya watu wazima. Lakini vitabu vya ziada vya watoto viliendelea kuwa haba. Mwaka 1991 ukaanzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ambao ulifundisha waandishi, wachoraji na wahariri, na kununua sehemu ya nakala za kila kitabu ili mchapishaji asiogope hasara, kisha kuzipeleka shuleni. Katika kipindi hichohicho Walter Bgoya alianzisha kampuni ya uchapishaji ya Mkuki na Nyota, na wakati huo Elieshi Lema na Demere Kitunga walikwisha kuanzisha kampuni yao ya E&D. Ukisoma vitabu vya watoto vya miaka ya 1990 na 2000, alama za mikono ya watu hao utazikuta.

Elewa pia sera ya vitabu, kwa sababu ndiyo inayoamua kitabu kipi kitafika kwenye dawati la Mlimba. Tangu 2013, baada ya kuvunjwa kamati iliyokuwa ikiidhinisha vitabu vya wachapishaji binafsi, kazi ya vitabu vya kiada ilirudi kwa Taasisi ya Elimu Tanzania, TET. Wachapishaji binafsi wakabaki zaidi na vitabu vya ziada. TET ndiyo pia inayosimamia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, na baadaye nyanja ya hadithi za watoto ikaongezwa. Ikiwa una mswada, huo ni mlango ulio wazi.

Andika, na uandike juu ya hapa

Sikubaliani na wanaosema msomi achambue na mwandishi aandike. Katika taaluma yetu, anayeandika hadithi moja ya watoto na kuijaribu darasani hujifunza zaidi kuliko aliyehakiki kumi. Na bonde hili limejaa mambo ambayo mtoto wa Tanzania hajawahi kuyasoma kwa lugha yake.

Chukua chura wa Kihansi. Ni chura mdogo wa rangi ya manjano, hatagi mayai majini kama wengine, huzaa watoto walio hai. Aliishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya Kihansi tu, kwenye miteremko ya Udzungwa upande wa Mlimba, wala hakupatikana kwingine popote duniani. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yakapungua, ugonjwa nao ukaingia, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Lakini wachache walikuwa wamepelekwa kutunzwa kwenye bustani za wanyama za Marekani, wakazaana, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa nyumbani. Hadithi hiyo ina safari, hatari, kosa la wakubwa na tumaini. Mtoto wa Chita anaweza kuisoma akijua kwamba imetokea kwao.

Yuko pia ngolaga wa Sanje, nyani wa misitu ya Udzungwa ambaye wanasayansi hawakumfahamu hadi 1979. Yuko sheshe, swala wa mbuga za mafuriko, na ndege wa jamii ya mnana aliyetambuliwa kitaalamu mwaka 1990 akiwa wa bonde hili peke yake. Ipo treni ya TAZARA, ambayo tangu miaka ya 1970 imekuwa ikibeba ndizi, mpunga, wanafunzi na habari kutoka stesheni hadi stesheni. Lipo dungu lenyewe, na mtoto anayelinda mpunga usiliwe na kwelea-kwelea.

Unapoandika, shika haya. Sentensi iwe fupi, tena iwe na tendo. Kwa msomaji wa Darasa la Kwanza tumia maneno yenye silabi mbili au tatu, na neno refu moja likija, lirudie mara kadhaa ili mtoto alishinde. Usimalizie kila hadithi kwa funzo lililoandikwa waziwazi, mtoto aachiwe nafasi ya kufikiri. Usiwape wavulana safari zote na wasichana ndoo zote. Na usimfanye mtoto wa shamba kuwa wa kuhurumiwa: anajua majira, ndege, maji na samaki kuliko mtoto wa ghorofani.

Kisha ujaribu mswada wako. Wasomee watoto ishirini, halafu wape wasome wenyewe. Palipo na ukimya wa kuchoka, kata. Palipo na swali, panua. Mchapishaji akiupokea, soma mkataba kwa makini kabla ya kutia saini, ujue asilimia yako na haki za mchoraji. Hakimiliki ina ofisi yake serikalini, na namba ya ISBN hutolewa kupitia Bodi ya Huduma za Maktaba. Ukitaka kufikisha hadithi haraka bila kungoja uchapaji, zipo hazina huria za mtandaoni kama African Storybook, zenye hadithi za Kiswahili zinazoruhusiwa kuchapwa na kutafsiriwa.

Ukikusanya simulizi za wazee, tenda kwa adabu. Mweleze bibi au babu utakayemrekodi kwamba simulizi yake itaandikwa, uliza kama angependa jina lake litajwe, na kitabu kikitoka kipeleke nyumbani kwake kwanza. Simulizi ni mali ya jamii. Wewe ni mpokeaji aliyeaminiwa.

Njia ya chuo, hatua kwa hatua

Sasa fomu. Ngazi za taaluma vyuoni huanzia mkufunzi msaidizi mwenye shahada ya kwanza, kisha mhadhiri msaidizi mwenye uzamili, mhadhiri mwenye uzamivu, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa. Matangazo mengi ya ajira za vyuo vikuu yanadai wastani wa 3.8 au zaidi katika shahada ya kwanza na 4.0 katika uzamili. Kama bado unasoma shahada ya kwanza, jua hilo leo. Mwanafunzi mwenye kipaji aliyelipuuza mwaka wa kwanza hulijutia mwaka wa tatu, na halirekebishiki.

Kama uko kazini na stashahada au shahada, una njia mbili. Ya kwanza ni kuomba ruhusa ya masomo kwa mwajiri na kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au cha Dodoma, au chuo kishiriki cha elimu kama DUCE, au Mkwawa pale Iringa. Ya pili ni kusoma ukiwa kazini kupitia Chuo Kikuu Huria, ambacho kina kituo Morogoro. Kwa mtafiti wa usomaji njia ya pili ina faida isiyosemwa sana: darasa lako linabaki kuwa uwanja wako wa utafiti. Taratibu za ruhusa zifuate kwa maandishi, na nakala zako uzitunze.

Tasnifu katika Kiswahili inawezekana na inaheshimika. TATAKI inapokea tasnifu za uzamili na uzamivu zilizoandikwa kwa Kiswahili, na majarida ya Kiswahili, Mulika na Kioo cha Lugha yamechapisha uhakiki wa lugha na fasihi kwa miaka mingi. Andika pia kwa Kiingereza ili wenzako wa Nairobi, Accra na Toronto wakusome. Lakini makala moja kati ya mbili iwe kwa lugha ambayo mwalimu wa Mngeta anaweza kuisoma akiwa amekaa ofisini kwake wakati wa mapumziko. Kabla hujachapisha kitabu cha watoto, uliza idara yako kinahesabiwaje kwenye kupandishwa cheo, upange kazi zako ukijua.

Kwa utafiti shuleni, ruhusa hupita kwa ngazi: barua ya chuo, Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya, mkurugenzi wa halmashauri, iwe Mji wa Ifakara au Mlimba, afisa elimu kata, na mwalimu mkuu. Usiruke hata moja, na usidhani kwamba barua hizo zinatosha. Mtoto ana mzazi. Mzazi aelezwe kwa Kiswahili chepesi na akubali kabla mtoto hajaulizwa swali. Na mtoto akisema hataki, asilazimishwe. Ukimaliza, rudi na matokeo kwenye kikao cha wazazi na cha walimu kabla hujayapeleka kwenye kongamano.

Tazama waliotangulia

Profesa Mugyabuso Mulokozi alikuwa mtafiti wa TUKI, mhakiki wa tenzi na ushairi, na bado aliwaandikia vijana riwaya fupi za historia zilizogusa vita vya Wahehe, majirani zetu wa juu ya safu ya Udzungwa, dhidi ya Wajerumani. Profesa Penina Muhando Mlama wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliichukua taaluma yake ya sanaa za maonyesho akaipeleka kwa wasichana wa sekondari: Tuseme, iliyoanza 1996, iliwapa jukwaa la kuyaigiza na kuyasema matatizo yao wenyewe. Na nchini Kenya alikuwapo Asenath Bole Odaga. Alifundisha, alitafiti simulizi katika Chuo Kikuu cha Nairobi, aliandika kitabu cha kitaaluma juu ya fasihi ya watoto na vijana wa Kenya mwaka 1985, aliandika hadithi nyingi za watoto kwa Kiingereza na Kijaluo, na alianzisha kampuni yake ya uchapishaji Kisumu. Hakungoja mji mkuu umwite. Watatu hawa hawakutenganisha utafiti na kuwatumikia wasomaji wadogo, na ndiyo sababu kazi zao zinadumu.

Mcheza kwao hutuzwa. Bonde la Kilombero lina watoto wa Darasa la Kwanza, lina wazee wenye simulizi, lina kituo cha utafiti kilichothibitisha kwamba kazi ya uvumilivu ya mji mdogo inaweza kubadili fikra za dunia. Linalokosekana ni wasomi wa usomaji waliokaa. Basi kabla ya Januari ijayo fanya mambo manne. Zungumza na mwalimu mkuu kuhusu watoto utakaowafuata. Andaa sanduku la vitabu vitakavyoazimwa na familia zinazohamia shamba, hata vikiwa kumi tu, na daftari la kuandika nani amechukua nini. Andika hadithi moja ya kurasa nane juu ya jambo la bondeni na uijaribu darasani. Na uandikie chuo kimoja ukiuliza masharti ya kujiunga. Ukiyakamilisha hayo ndani ya mwaka, utakuwa umeianza taaluma hii, na barua ya chuo itakukuta tayari uko kazini.